Gazeti la jana halifungi tena karanga



Juma lililopita nilikuwa nasubiri daladala pale Mwenge, mzee mmoja akanisogelea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule wa redioni. Nikakiri. Basi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa niisome. Ilikuwa habari fupi, mistari kumi na miwili hivi, ambayo vijana wa duka la steshenari walimchapia kutoka kwenye tovuti ya gazeti moja. Habari yenyewe ilisema kwamba kijana fulani, karani wa SACCOS, amefikishwa mahakamani akituhumiwa kuiba fedha za wanachama. Jina kamili lilikuwapo, umri ulikuwapo, na hata mtaa anakoishi.

"Huyu ni mwanangu," akasema mzee. "Kesi ilikwisha. Hakimu alimwachia huru, hana hatia. Sasa huu ni mwaka wa saba, na kila anakoomba kazi wanaandika jina lake kwenye simu, inatoka hii. Hebu nieleze, mwanangu, hukumu ya namna hii haina rufaa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Daladala ilikuja, tukaagana, lakini swali lake nilipanda nalo na nikashuka nalo. Leo nataka tulitazame pamoja, maana si la mzee yule peke yake. Ni swali la historia: tumefikaje mahali ambapo habari ya siku moja inamfuata mtu miaka saba?

Sisi tulioingia katika chumba cha habari wakati wa taipureta tulijua uhai wa habari ni wa siku moja. Gazeti lilichapwa usiku, likauzwa asubuhi, na jioni lilikuwa kwenye sinia la muuza karanga. Nakumbuka kosa langu la kwanza kubwa. Nilitoka mahakamani na haraka zangu za ujana, nikaandika jina la shahidi mahali pa jina la mshitakiwa. Kesho yake asubuhi yule bwana alikuja ofisini, mtu mzima mwenye kofia mkononi, akasimama mbele ya meza ya mhariri bila kupaza sauti hata kidogo. Mhariri aliniita nisimame. Sijapata kusimama kwa muda mrefu kama siku ile.

Marekebisho yalitoka siku ya tatu, ukurasa wa pili, mistari minne chini ya tangazo la vyerehani. Baada ya wiki moja nilinunua karanga za shilingi chache, nikakunjua kile kikaratasi, nikaikuta habari yangu humo, imeloa mafuta na chumvi. Niliona haya, lakini nitasema kweli, nilifarijika pia. Kosa lile lilikuwa linaishia hapo. Nakala iliyobaki ilikuwa maktaba, ndani ya jalada zito, na aliyetaka kuisoma ilimbidi aende mwenyewe, aombe jalada la mwezi ule, apanguse vumbi, afunue ukurasa baada ya ukurasa. Nani angefanya kazi hiyo kwa ajili ya shahidi mmoja wa kesi ya baiskeli?

Hapo ndipo penye jambo ambalo sisi waandishi hatukuliona kwa miaka mingi. Tulikuwa na kanuni zetu. Chama cha waandishi wa Marekani, enzi hizo kikiitwa Sigma Delta Chi, kilijiwekea kanuni za maadili mwaka 1926. Hapa kwetu wanahabari walikutana Dar es Salaam mwaka 1995 wakaunda Baraza la Habari, chombo cha hiari cha kusikiliza malalamiko ya watu dhidi ya magazeti. Kanuni zote hizo, za huko na za huku, zinasema ukikosea sahihisha. Tukajiona waungwana. Kumbe nusu ya uungwana wetu ilikuwa kazi ya karatasi. Karatasi ilikuwa inasahau kwa niaba yetu. Mtu tuliyemchafua alisafishwa kidogo na mistari minne ya ukurasa wa pili, na sehemu kubwa iliyobaki ikasafishwa na muuza karanga.

Halafu ikaja intaneti, ambayo haifungi karanga.

Mwanzoni wenye magazeti waliiona kama ubao wa matangazo tu. Habari ilichapwa kwanza gazetini, kisha ikabandikwa kwenye tovuti, maana hakuna mfanyabiashara anayependa kujiibia mwenyewe. Mpaka ilipofika Ijumaa, tarehe 28 Februari, 1997. Alasiri ya siku hiyo gazeti la Dallas Morning News la Texas, Marekani, liliweka kwenye tovuti yake habari kwamba Timothy McVeigh amekiri kwa mawakili wake kuwa ndiye aliyelipua jengo la serikali la Oklahoma City. Mlipuko ule wa tarehe 19 Aprili, 1995 uliua watu 168. Gazeti halikusubiri kuchapwa kwa toleo la Jumamosi. Msomaji wa mtandaoni alipata habari saa nyingi kabla ya aliyenunua karatasi.

Wakili wa McVeigh alikuja juu, na alikuwa na hoja. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja tu kabla ya kuanza kuchaguliwa kwa wazee wa baraza watakaoamua kesi ile. Baadaye McVeigh alitiwa hatiani, na mwaka 2001 akanyongwa kwa sindano ya sumu, kwa hiyo wengi walisema gazeti halikumwonea mtu. Labda. Lakini mimi kinachonishughulisha ni kitu kingine kilichotokea alasiri ile bila kelele. Kati ya kuandika habari na kuichapa palikuwa na saa kadhaa. Katika saa hizo alikaa mhariri wa zamu ya usiku, alikaa mwanasheria, alikaa msoma prufu mwenye miwani ambaye huuliza maswali ya kuudhi: nani kasema hivi? Umempigia simu huyu unayemtaja? Tulidhani saa zile zipo kwa sababu mitambo ni mizito. Kumbe zilikuwa ndiyo ukuta wetu, na ukuta ule ulibomoka siku hiyo bila mtu kupiga nyundo.

Haikuchukua hata mwaka tukaona matokeo yake. Usiku wa tarehe 17 Januari, 1998, bwana mmoja aitwaye Matt Drudge, mwenye tovuti yake mwenyewe, aliandika kwamba jarida la Newsweek limezuia habari kuhusu Rais Bill Clinton na msichana aliyekuwa akijitolea kazi katika Ikulu ya Marekani. Newsweek walikuwa na habari ile kweli, ila walikuwa bado wanaipima. Drudge hakuwa na cha kupima. Siku nne baadaye magazeti makubwa yote yalikuwa yameingia mbioni.

Katika mbio zile angalia kilichotokea. Tarehe 26 Januari, Dallas Morning News, gazeti lile lile, liliweka kwenye tovuti habari kwamba yuko mlinzi wa Rais aliye tayari kutoa ushahidi kuwa aliwaona wawili wale katika hali isiyofaa. Shirika la habari likaidaka, televisheni zikaisoma. Usiku huo huo, baada ya saa chache, gazeti likaiondoa, maana aliyewapa habari alikuja kuwaambia kwamba sivyo. Tarehe 4 Februari ikawa zamu ya Wall Street Journal, gazeti ambalo wenye fedha duniani huliamini kama Msahafu wao. Liliweka kwenye tovuti kwamba mhudumu mmoja wa Ikulu amewaambia wazee wa baraza aliyoyaona. Halikusubiri jibu la Ikulu. Tarehe 9 Februari likasahihisha: mhudumu yule hakuwaambia wazee wa baraza maneno hayo.

Utaniuliza, je, habari kubwa yenyewe haikuwa kweli? Ilikuwa kweli, na Rais mwenyewe aliungama mwezi Agosti mwaka ule. Lakini kweli ya habari kubwa haimlipi fidia mhudumu wa Ikulu aliyesingiziwa ushahidi ambao hakuutoa. Na yule msichana, Monica Lewinsky, alikuwa na umri wa miaka 24. Mwaka 2015 alisimama mbele ya watu kule Vancouver, Kanada, akajieleza kuwa ndiye mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa mpya, yaani wa kupoteza heshima dunia nzima karibu kwa mara moja. Rais alimaliza kipindi chake, akaandika vitabu, akaalikwa kuhutubia. Msichana alibaki na jina lake kwenye mashine.

Mwaka 2000 wajanja nao wakaona mlango uko wazi. Tarehe 25 Agosti, kijana wa miaka 23 aliyepata kufanya kazi katika shirika moja la kusambaza taarifa za makampuni kwa intaneti alitunga taarifa ya uongo kuhusu kampuni ya vifaa vya kompyuta iitwayo Emulex. Aliandika kwamba mkurugenzi amejiuzulu na hesabu zinachunguzwa. Shirika likaisambaza, mashirika mengine ya habari yakairudia bila kupiga simu hata moja Emulex, na kabla ya saa nne na nusu asubuhi hisa za kampuni zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya asilimia 60. Mali ya thamani ya dola zaidi ya bilioni 2 iliyeyuka. Kijana alifungwa. Waliorudia bila kuuliza hawakufungwa.

Lakini kisa ninachopenda kukisimulia kuliko vyote ni cha mwaka 2008, kwa sababu ndani yake hakuna mwongo hata mmoja. Nakuomba ukifuate taratibu.

Shirika la ndege la United Airlines la Marekani liliomba kinga ya kufilisika tarehe 9 Desemba, 2002. Gazeti la Chicago Tribune likaandika habari hiyo, na ilikuwa habari sahihi kabisa. Shirika likajikwamua na kutoka katika hali ile mwaka 2006. Habari ya zamani ikabaki katika ghala la kompyuta, pamoja na mamilioni ya habari nyingine, na nakala yake ikawamo pia katika tovuti ya gazeti la Sun-Sentinel la Florida, ambalo mwenye mali alikuwa yule yule.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 7 Septemba, 2008, wakati wasomaji ni wachache, mtu fulani aliifungua habari hiyo. Kwa kuwa hakukuwa na watu, kule kufunguliwa kidogo kulitosha kuipandisha katika orodha ya habari za biashara zinazosomwa zaidi. Mtambo wa Google, ambao hutembea usiku na mchana ukikusanya habari, ukapita, ukakuta habari mpya katika orodha. Ukatafuta tarehe. Habari yenyewe haikuwa na tarehe ya kuandikwa. Ukurasa, kwa upande wake, ulikuwa na tarehe ya siku ile, kama ilivyo kawaida ya kurasa. Basi mtambo ukaiandika kuwa ni habari ya Septemba 2008.

Jumatatu asubuhi mfanyakazi wa kampuni moja ya utafiti wa mambo ya fedha alitafuta habari za makampuni yaliyofilisika, akaikuta hiyo, akaifupisha na kuirusha katika mtandao wa Bloomberg ambao madalali wa hisa huutazama kutwa. Kwa dakika chache hisa za United zikaporomoka kutoka dola kama 12 hadi dola 3. Mauzo yakasimamishwa. Baada ya kukanushwa, hisa zikapanda tena na kufunga siku zikiwa karibu dola 11. Mwenye hisa aliyekuwa amelala hakupoteza sana. Aliyeogopa akauza kwa dola 3, huyo alilia.

Google wakasema kosa ni la gazeti. Wenye gazeti wakasema kosa ni la Google. Mimi nasema hivi: kila neno katika habari ile lilikuwa la kweli. Aliyeiandika alipiga simu zake, mhariri aliipitia, msoma prufu aliisoma. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, tarehe. Katika gazeti la karatasi tarehe iko juu ya kila ukurasa, na hata ukilikuta limefunga sukari unajua ni la lini. Katika maadili yetu ya zamani hapakuwa na kanuni inayosema "mwandishi aiwekee habari tarehe", kama vile hakuna kanuni inayomwambia mwokaji atie unga kwenye mkate. Nani angefikiri kwamba kweli, ikikosa tarehe, inageuka kuwa uongo?

Sasa rudi kwa mzee wa Mwenge. Habari ya mwanawe nayo ilikuwa kweli. Siku ile kijana alifikishwa mahakamani kweli. Jina ni lake, umri ni wake, mtaa ni wake. Mwandishi hakukosea hata herufi. Ukimwendea mhariri ukamwambia asahihishe, atakuuliza, nisahihishe nini?

Swali hilo lilifika katika mahakama za Ulaya, na majibu yake yanafaa kujulikana hapa kwetu. Kule Hispania, mwaka 1998, gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilichapa matangazo mawili ya mnada wa nyumba ya mwananchi mmoja aliyekuwa anadaiwa michango ya hifadhi ya jamii. Wizara ya Kazi ndiyo iliyoagiza matangazo hayo. Deni likamalizika. Miaka kumi na zaidi ikapita, gazeti likawa limeingiza nakala zake zote za zamani kwenye intaneti, na kila aliyeandika jina la yule bwana katika Google alikutana na mnada. Akalalamika. Wakaguzi wa Hispania wakasema gazeti lisiguswe, kwa kuwa tangazo lilichapwa kwa amri halali, lakini Google wamwondolee kiungo kile. Google wakakata rufaa, na tarehe 13 Mei, 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikawapa ushindi wakaguzi. Habari itabaki mahali pake, ila anayetafuta kwa jina la mtu asipelekwe huko ikiwa jambo lenyewe limepitwa na wakati na halina maana tena kwa umma.

Belgiji walikwenda mbele zaidi, na hapa hapakuwa na mtu aliyeonewa. Mwaka 1994 gazeti la Le Soir liliandika juu ya ajali za barabarani, likamtaja kwa jina daktari mmoja aliyesababisha vifo vya watu wawili. Alihukumiwa mwaka 2000, akatumikia adhabu, na mwaka 2006 sheria ikamfutia doa lake. Mwaka 2008 Le Soir wakafungua maktaba yao mtandaoni bure, na ajali ya mwaka 1994 ikawa kana kwamba imetokea jana. Wagonjwa wa daktari wakaisoma. Mahakama za Belgiji zikaamuru jina lake litolewe katika nakala ya intaneti, na herufi moja iwekwe mahali pake. Nakala ya karatasi haikuguswa. Mhariri akaenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 4 Julai, 2023 majaji 12 wakasema amri ile ni sawa, majaji 5 wakakataa.

Mimi nawaelewa wale watano. Ukianza kufuta majina katika nyaraka za zamani, utasimamia wapi? Leo ni daktari wa ajali, kesho ni mheshimiwa aliyekula fedha za bwawa la wanakijiji, naye atakuja na wakili wake na machozi mawili akisema jambo lenyewe limepitwa na wakati. Katika nchi zetu wenye nguvu hawana haja ya kufundishwa namna ya kufuta. Kinachotakiwa ni kuwafundisha kuacha mambo yaandikwe. Nyaraka za magazeti ndiyo kumbukumbu pekee ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifungua bila kibali cha katibu mkuu.

Lakini angalia alichotaka mzee. Hakuniambia nimfutie mwanawe habari. Alisema kesi ilikwisha. Alitaka gazeti lililoandika mwanzo liandike na mwisho, katika ukurasa ule ule, ili atakayesoma kwamba kijana alishitakiwa asome pia kwamba aliachiwa. Ni mstari mmoja tu: aliachiwa huru tarehe fulani, mahakama fulani. Karatasi isingeweza kufanya hivyo, maana gazeti likishauzwa huwezi kumfuata kila mnunuzi nyumbani ukaongeze mstari. Tovuti inaweza, tena kwa dakika mbili. Mashine hii tunayoilaumu kwamba haisahau ndiyo mashine ya kwanza katika historia ya kazi yetu inayomruhusu mhariri kurudi kwenye habari ya zamani akaimalizia.

Mbona basi hatufanyi? Nitawaambieni siri ya chumba cha habari. Kushitakiwa ni habari, kuachiwa si habari. Siku ya kusomewa mashitaka waandishi wamejaa mahakamani hadi dirishani. Siku ya hukumu, miaka miwili baadaye, yuko mshitakiwa, mama yake, na karani anayesinzia. Udhaifu huu ni wa zamani kuliko intaneti. Enzi za karatasi haukuumiza sana, kwa sababu mashitaka na kuachiwa vyote vilisahauliwa sawasawa. Sasa moja linakumbukwa milele, na la pili halikuandikwa kamwe.

Liko jambo jingine lililobadilika, nalo ni umbali. Tarehe 15 Januari, 2019 magaidi wa Al-Shabaab walivamia jengo la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi wakaua watu 21. Gazeti la New York Times liliweka mtandaoni picha iliyoonyesha miili ya waliouawa, wengine wakiwa bado kwenye viti walivyokuwa wamekalia. Wakenya walikuja juu. Baraza la Habari la Kenya liliwapa gazeti lile saa 24 kuiondoa na kuomba radhi. Gazeti lilijibu kwamba linahurumia wafiwa, lakini linaona ni muhimu wasomaji waone sura halisi ya ukatili.

Zamani ubishi huo usingetokea. Picha ingechapwa New York, ingesomwa New York, na mjane wa Nairobi asingejua. Wahariri wa huko walizoea kuandika juu yetu kama mtu anayemsema jirani akijua jirani hasikii. Usiku ule jirani alikuwa anasikia. Yuko aliyekuwa bado anampigia simu ndugu yake bila kupokelewa, huku picha imeshafika kwenye simu hiyo hiyo. Wakenya walijiuliza kwa nini miili ya Wamarekani waliouawa mashuleni kwao haikuwekwa namna ile, na mimi sijasikia jibu lililoniridhisha.

Na serikali zetu je? Hapa Tanzania, mwaka 2018 zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye kutaka kuchapisha habari mtandaoni alitakiwa kuomba leseni, na ada zake kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2. Vijana wengi waliokuwa wakiandika habari za wilaya zao wakafunga. Leseni ina faida yake, nakubali, mtu anajulikana alipo. Lakini gazeti lililomwandika mwana wa mzee lina leseni. Lina ofisi, lina bango kubwa barabarani, na cheti kimetundikwa mapokezi ndani ya fremu. Leseni haikuandika ule mstari mmoja.

Nilimwambia mzee, kabla daladala haijaondoka, achukue nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama aipeleke kwa mhariri mwenyewe, asikubali kuiacha mapokezi. Jumatatu akanipigia simu. Alikwenda. Alipokewa vizuri, akapewa na maji ya kunywa. Mhariri aliisoma hukumu yote, akasikitika, akasema mwandishi aliyeandika habari ile alikwisha kuhamia kwingine, na kijana anayeshughulikia tovuti hayupo, ila nakala waiache. Mzee akaniuliza kama kule kuiacha nakala ni vizuri au ni vibaya, kwa kuwa ilikuwa ya pekee. Nikamshauri arudi mahakamani akaombe nyingine.

Jana usiku, nilipokuwa naandaa mazungumzo haya, niliifungua tena ile habari. Ipo pale pale. Pembeni yake kuna tangazo la mikopo ya haraka isiyo na dhamana. Mstari wa mwisho unasema mshitakiwa alikana shitaka, amerudishwa rumande, na kesi itatajwa tena tarehe 14.